Vyombo Vikuukuu na Mvinyo wa Nyumbani

Mtu atakaye kutengeneza mvinyo wa rosela, wa ndizi au wa zabibu nyumbani hupata matunda na sukari bila taabu kubwa. Taabu yake ni vyombo. Chupa kubwa za kioo ni ghali, kwa hiyo macho yake huelekea stoo na sokoni, ambako kuna madumu, mapipa, ndoo na mitungi iliyokwisha kufanya kazi nyingine. Hapo haitoshi kutazama kama chombo kinavuja. Yapasa kuuliza ni kitu gani kitakachotoka chomboni na kuingia katika kinywaji.

Mvinyo si maji. Una tindikali, na kipimo chake cha pH kwa kawaida huwa kati ya 3 na 4. Tena una alkoholi, mara nyingi zaidi ya asilimia 10 ya ujazo. Tindikali hula metali, na alkoholi huyeyusha vitu vya jamii ya mafuta ambavyo maji huviacha. Isitoshe, mvinyo hukaa chomboni kwa majuma au miezi. Ndiyo maana ndoo iliyochotewa maji miaka mingi bila madhara yaweza kutia sumu katika mvinyo.

Jambo hili lina historia. Katika karne ya 18 watu wa Devon, Uingereza, walisumbuliwa na msokoto mkali wa tumbo, na baadhi yao walipooza mikono. Mwaka 1767 daktari George Baker alieleza kwamba kinywaji chao cha matufaha kilikuwa na risasi, yaani ile metali, iliyotoka katika mitambo ya kukamulia. Alipopima kinywaji cha Hereford, ambako mitambo haikuwa na risasi, hakuikuta. Wanywaji wa Devon hawakuweza kuigundua kwa ulimi.

Kwa hiyo chombo chenye viungo vilivyolehemiwa kwa risasi hakifai, wala mtungi wa udongo uliopakwa rangi ing'aayo kama kioo ikiwa asili yake haijulikani. Ndoo ya mabati, ambayo ikiwa mpya huonyesha mabaka kama maua, imefunikwa kwa zinki. Zinki ikiingia katika kinywaji kwa wingi huleta kichefuchefu na kutapika. Chuma cha pua kisichoshika kutu ni salama, na kioo kisicho na ufa ni bora kuliko vyote.

Dumu la plastiki ndilo lidanganyalo zaidi. Alama ya namba iliyopigwa chini yake hutaja aina ya plastiki tu; haisemi dumu lilibeba nini. Dawa za kuua wadudu, mafuta ya taa na petroli hupenya ndani ya plastiki yenyewe, ambako sabuni haifiki, na baadaye alkoholi huvitoa humo polepole. Wengine husema kuwa uchachukaji huua sumu. Si kweli: hamira hula sukari, haina kazi na risasi wala viuatilifu.

Wanafunzi waweza kujaza dumu maji ya uvuguvugu, kulifunga, kuliacha juani kutwa nzima, kisha kunusa. Likinuka, likataliwe. Lisiponuka, jaribio halijathibitisha usalama, kwa sababu sumu nyingi hazina harufu. Lililo salama ni lile ambalo mwenyewe anajua lilibeba chakula tangu lilipotoka kiwandani.

Hamira ya zamani ni jambo jepesi. Itiwe katika maji yenye sukari ya nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Isipotoa povu kwa robo saa, imekufa, na hasara ni ya hamira tu. Lakini unga mweupe usio na lebo uliookotwa katika stoo ya maabara ya shule, hata mtu akiapa kuwa ni metabisalfaiti ya kuhifadhia mvinyo, usionjwe wala usitumiwe. Nitraiti ya sodiamu, ambayo ni sumu kali, nayo ni nyeupe vilevile.