Godoro la Mbarika: Sponji Itokanayo na Mimea

Godoro la sponji alilalialo mwanafunzi bwenini, kwa kawaida, ni zao la mafuta yachimbwayo ardhini. Sponji hiyo huitwa poliurethani, na mbinu ya kuiunda ilivumbuliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mnamo 1937. Huzaliwa vimiminika viwili vikutanapo: polioli na isosianati. Maji kidogo yakitiwa, humenyuka na isosianati na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ndiyo iumuayo mchanganyiko, mithili ya hamira katika unga wa mahamri.

Je, mimea yaweza kushika nafasi ya petroli? Naam, kwa upande wa polioli. Isosianati hushikana na vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyofungamana na haidrojeni. Mafuta ya mbarika, ambayo baadhi yetu huyaita ya nyonyo, yanavyo vikundi hivyo kiasili. Ya soya hayana. Sharti kwanza yatendewe kikemikali ndipo yavipate. Hayo hayakuizuia kampuni ya Ford kutumia sponji yenye soya katika viti vya gari la Mustang la 2008.

Hata hivyo, tusihadaike na neno "asili". Isosianati ingali inatokana zaidi na petroli. Sponji ya mbarika, basi, ni chotara: mzazi mmoja yuko shambani, wa pili yuko kisimani. Nasi wanafunzi wa lugha tuna wajibu wa kuyapima majina ya bidhaa. Aiitaye sponji hii ya asili kabisa amemtaja mzazi mmoja na kumficha wa pili.