Mzunguko wa damu wa twiga

Mzunguko wa damu wa twiga ni safari ya damu ya mnyama huyo kutoka moyoni hadi mapafuni, kichwani, miguuni na sehemu nyingine zote za mwili, na kurudi tena moyoni. Njia zake ni zilezile za binadamu na mamalia wengine. Tofauti iko katika urefu: kwa twiga dume mzima, damu hupanda takriban mita 2 kutoka moyoni hadi ubongoni.

Twiga ni mnyama wa taifa wa Tanzania. Wale wa Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ambayo Ringwani ni mojawapo ya kata zake, ni twiga wa Kimasai. Mwaka 2019 IUCN iliwaorodhesha kuwa wako hatarini kutoweka.

== Njia ya damu ==

Moyo una vyumba vinne. Damu inayotoka mwilini, yenye oksijeni kidogo, huingia upande wa kulia, na ventrikali ya kulia huisukuma hadi mapafuni. Humo hupita katika kapilari, mishipa myembamba kuliko unywele, ikiacha dioksidi ya kaboni na kuchukua oksijeni. Kisha hurudi upande wa kushoto wa moyo, na ventrikali ya kushoto huitoa kwa nguvu kupitia aota kwenda mwili mzima. Vali huizuia isirudi nyuma.

Safari ya kupitia mapafu ilielezwa na tabibu Ibn al-Nafis katika karne ya 13. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba damu yote huzunguka.

== Shinikizo ==

Mapafu ya twiga yako kifuani, jirani na moyo, kwa hiyo ventrikali ya kulia haina kazi kubwa. Mzigo ni wa ile ya kushoto. Kila damu inapopanda sentimita 10, shinikizo lake hupungua kwa karibu milimita 8 za zebaki. Kwa mita 2 hupungua zaidi ya 150. Kwa binadamu shinikizo la wastani karibu na moyo ni kama 95 tu, nalo lisingetosha kuifikisha damu kwenye kichwa cha twiga. Ndiyo maana shinikizo la twiga aliyesimama ni takriban mara mbili ya hilo au zaidi.

Mara nyingi husemwa kwamba siri yake ni moyo mkubwa kupita kiasi. Si kweli. Moyo wa twiga mzima unaweza kufikia kilo 11 hivi, lakini ukilinganishwa na uzito wa mwili hauwazidi sana mamalia wengine. Kilicho cha pekee ni ukuta mnene wa ventrikali ya kushoto, ambao huongezeka unene kadiri shingo inavyorefuka.

Kwa mtu, shinikizo la namna hiyo ni ugonjwa unaoharibu moyo na figo. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapa panya jeni FGFRL1 ya umbo la twiga: shinikizo lao lilipopandishwa kwa dawa, moyo na figo zao ziliharibika kidogo kuliko za panya wa kawaida.

== Kunywa maji na kuinuka ==

Twiga anapokunywa maji katika mito kama Grumeti au Mara, hutanua miguu ya mbele na kushusha kichwa chini kabisa ya moyo. Vali katika vena za shingo huzuia damu iliyo njiani kurudi moyoni isimiminike kuelekea kichwani. Akiinuka ghafla, mishipa hubana na moyo husukuma kwa nguvu ili asizimie. Miguuni, ambako shinikizo ni kubwa kuliko kote, ngozi ngumu iliyobana kama soksi huzuia majimaji yasivuje na kuivimbisha.

Mpangilio huu hufanya twiga kuwa mgumu kulazwa kwa dawa ya usingizi. Dawa hudhoofisha upumuaji na kuvuruga shinikizo, na kichwa kikikaa vibaya damu au maji ya tumboni huenda pasipotakiwa. Kwa hiyo madaktari wa wanyamapori wanaomvika kifaa cha kufuatilia nyendo humdunga dawa ya kuzimua usingizi mara tu anapoanguka, kisha watu kadhaa humshikilia kichwa na shingo kwa mikono, macho yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa, hadi kazi iishe.