Kidole kimoja tu, gia imeingia!

Straika anaweza kukosa mabao matatu ya wazi, akafunga dakika ya 90 na akabebwa juu juu. Kwenye mbio za pikipiki za mstari ulionyooka huko Marekani, nafasi ya kusahihisha haipo. Pikipiki za daraja la Pro Stock la NHRA humaliza mita 402 chini ya sekunde saba, zikipita kilomita 300 kwa saa. Ndilo daraja alilotamba Angelle Sampey, bingwa wa 2000, 2001 na 2002.

Iko hivi. Kwa kasi hiyo, mguu unachelewa. Ndiyo maana pikipiki hizo hufungwa kifaa cha kubadili gia kwa upepo. Dereva anabonyeza kitufe, mara nyingi kile kile cha honi. Vali ya umeme inafunguka, upepo unatoka kwenye mtungi na kusukuma pistoni ndogo iliyoungwa na pedali ya gia. Klachi haiguswi, mafuta hayaachiwi.

Lakini usidhani ni kubana nati tu na kuondoka. Kwanza fundi anapanga mtungi ukae wapi. Wengine hutafuta upenyo chini ya siti, wengine hujaza upepo ndani ya mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Pili, ni lazima ajue gia zinapanda kwa kuvuta au kusukuma, kisha pistoni ikae sawa na pedali. Ikikaa upande, nguvu inapotea na vyuma vinapinda.

Shughuli pevu ipo kwenye umeme. Gia zikiwa zimebeba nguvu ya injini hazikubali kuachiana kirahisi. Kwa hiyo plagi hukatiwa moto kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, gia inaingia, moto unarudi. Moto ukikatwa kwa muda mfupi mno, gia inagoma na meno yake yanalika. Ukizidi, mpinzani kashapita.

Mafundi wajanja huanza na muda mrefu kidogo, halafu wanaupunguza taratibu kila baada ya majaribio. Kabla ya kila mbio wanacheki geji ya upepo na mipira isivuje. Mtungi ukiisha katikati ya njia, mguu unaweza kurudi kazini, ila kwa mbio za sekunde saba, hapo mechi imeshaisha.