Je, lazima kila uwanja ufyekwe? Somo la ekari moja kutoka Cambridge

Huku kwetu uwanja uliofyekwa mpaka chini ndiyo dalili ya usafi. Mwanafunzi akichelewa anapewa fyekeo. Ofisi ya kijiji ikitarajia mgeni, majani hukatwa siku moja kabla. Tumezoea hivyo, lakini leo tunauliza: je, kila kona ya uwanja lazima iwe kipara?

Swali hili waliliuliza pia watu wa King's College, Cambridge, nchini Uingereza. Uwanja wa majani ulio nyuma ya chuo hicho ulitengenezwa mwaka 1772, na kwa muda mrefu ulikuwa ukikatwa mfupi na kusawazishwa. Mwaka 2019 sehemu yake, isiyofika hata ekari moja, ilipandwa mbegu za maua na nyasi za asili ya huko, kisha ikaachwa ikue.

Walikuwa na sababu. Tangu miaka ya 1930 Uingereza imepoteza karibu asilimia 97 ya malisho yake ya asili yenye maua.

Walipata nini?

Watafiti wakiongozwa na Dkt. Cicely Marshall walilinganisha sehemu hiyo na ile iliyoendelea kukatwa, na mwaka 2023 wakatoa matokeo. Aina za mimea, buibui na wadudu zilikuwa mara tatu zaidi. Uzito wa wadudu na viumbe wengine wadogo ulikuwa mara 25 zaidi. Popo nao walionekana hapo mara tatu zaidi. Aina za mimea zilizopandwa zilikuwa 33, lakini zilizohesabiwa zilifika 84.

Kwa mkulima hili si jambo dogo. Maboga, matikiti na alizeti huhitaji nyuki na wadudu wengine ili vizae vizuri, na wadudu hao huhitaji maua hata wakati shamba halijachanua.

Kuacha si kutelekeza

Malisho ya aina hii hukatwa, ila mara moja kwa mwaka, maua yakishadondosha mbegu. Majani yaliyokatwa huondolewa, kwa sababu yakiozea pale hurutubisha udongo, na nyasi zenye nguvu huyasonga maua. Mwaka 2021 pale Cambridge kazi hiyo ilifanywa na farasi wakubwa wa kukokota.

Sisi tufanyeje?

Hatuhitaji mbegu za Uingereza. Mara nyingi mbegu za mimea yetu zimo udongoni, zinakosa tu nafasi ya kukua na kuchanua. Anzeni na kona moja ya uwanja wa shule, kanisa au msikiti.

Hofu ya nyoka ni ya kweli. Kona hiyo iwe mbali na madarasa, vyoo na njia za watoto, na sehemu hizo ziendelee kufyekwa. Kuhusu mbu, kumbukeni kwamba hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo fukieni madimbwi na ondoeni makopo.

Angalieni pia gugu karoti. Si mmea wa asili yetu, na huwasha ngozi. Ling'oeni kabla halijachanua, mkiwa mmevaa glavu na nguo za mikono mirefu.

Mbegu zikishadondoka, kateni kabla majani hayajakauka kabisa na kuwa hatari ya moto. Kausheni, fungeni mizigo, wekeni akiba ya ng'ombe na mbuzi kwa kiangazi. Shule inaweza hata kuiuza kwa wafugaji.

Uamuzi huu si wa mtu mmoja. Upelekeni kwenye kamati ya shule au mkutano wa kijiji, mkubaliane kona ipi na nani atakata. Wekeni na kibao kidogo, mgeni akija asidhani mmezembea. Mkijaribu, tutumieni ujumbe kwa namba ya kipindi mtueleze mmeona nini msimu wa kwanza.