Mtumishi wa Ipole na mifumo isiyotulia

Januari 2024 watumishi wa umma wa Tanzania waliagana na OPRAS, fomu zilizokuwa zikipima utendaji wao tangu 2004, wakahamia mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, au e-Utendaji. Kwa mwalimu wa Dodoma mjini ilitosha kuwasha kompyuta na kuanza kujaza. Kwa mwenzake wa Ipole, kusini mwa mji wa Sikonge, pale barabara ya Tabora inapogawanyika, moja ikienda Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya, habari ilianzia kwenye bando na chaji ya simu.

Tukitaja wafanyakazi wa programu za kompyuta, mawazo hukimbilia Nairobi au Dar es Salaam, kwa vijana ambao kampuni zao hubadili mwelekeo kabla hawajazoea viti vyao. Ni habari za kweli. Andela, iliyoanzishwa 2014 kwa ahadi ya kuwanoa waandishi wa programu chipukizi wa Afrika, mwaka 2019 iliwapunguza kazi mamia yao Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja sasa wanataka wazoefu. Lakini mimi naona kundi linalobeba mabadiliko ya programu kwa uzito zaidi ni la walimu, wauguzi na watendaji wa vijiji. Hakuna anayewaita watu wa teknolojia, na siku yao ya kazi inapangwa na programu.

Mtazame mwalimu mkuu. Mwaka 2017 ilikuja FFARS, ya hesabu za shule na zahanati. Ukaja mfumo wa taarifa za wanafunzi. Mwaka 2023 NeST ikachukua nafasi ya TANePS katika ununuzi wa umma. Hajakaa sawa, PEPMIS hiyo mlangoni. Mwenzake wa zahanati ana GoTHOMIS, ya taarifa za wagonjwa, na mtendaji ana mashine ya POS ya kukusanyia ushuru. Kila mfumo una nywila yake na semina yake ya siku chache, na mara nyingi semina huhudhuriwa na mtumishi mmoja ambaye baadaye huhamishwa na ujuzi wake.

NeST ndiyo inayoonyesha vizuri kinachotokea. Shule inataka kutengeneza madawati. Fundi yupo jirani, kazi yake inajulikana, mbao za Tabora hazina shida. Zamani mwalimu angemwita wakakubaliana bei. Sasa fundi lazima kwanza asajiliwe kwenye mfumo, na kama hajui kujisajili, anayekaa naye jioni akimwingizia taarifa zake ni mwalimu yuleyule, kwa simu yake mwenyewe. Kile kiduara kinazunguka, mtandao unakatika, wanaanza upya. Madaftari ya darasa la tano yanasubiri kusahihishwa. Saa hizo hazionekani popote, hata kwenye PEPMIS yenyewe, ambayo kazi yake ni kupima alichofanya mtumishi.

Sisemi turudi kwenye makaratasi. Barua ya kuomba uhamisho ilikuwa ikipotea kati ya meza na meza, na mtumishi alipoteza nauli na siku za kazi kwenda kuifuatilia. Leo anaomba uhamisho na likizo kupitia ESS, mfumo wa kujihudumia mwenyewe, anajua ombi limefika kwa nani na limekwama wapi. NeST nayo imepunguza mwanya wa zabuni kupeanwa kindugu, na imejengwa na wataalamu wetu wenyewe. Hayo ni mafanikio makubwa, na ndiyo maana inauma kuona gharama ya kuhama toka mfumo hadi mfumo ikiachiwa mfuko wa mwalimu.

Unyamwezi, nchi hii ya Tabora na Sikonge, ina historia ndefu katika jambo hili la nani abebe mzigo na kwa malipo gani. Karne ya 19 wapagazi wa huku walibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani, na mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hawa, anaonyesha walivyokuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi: walijadiliana juu ya mshahara na posho, na wakizidishiwa mzigo waligoma au kuuacha njiani. Njia nayo haikuwa ya kudumu. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo vilipoziba barabara ya Ujiji, msafara wa mpelelezi Stanley ulilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo. Njia ikibadilika hivyo, posho ya siku za ziada ilikuwa hoja ya kuzungumzwa.

Nafasi hiyo ya kuzungumzia mzigo wake ndiyo anayoikosa mtumishi wa leo. Kabla mfumo mpya haujatangazwa, wajenzi wake Dodoma wangeweza kuujaribu wiki moja katika shule na zahanati za kata kama Ipole, wakiwa na simu za bei nafuu na mtandao uleule wa wenyeji. Halmashauri ingeweza kutenga fungu la bando kama inavyotenga la chaki. Na mfumo mpya ukiingia, ule wa zamani ufungwe siku hiyohiyo, mwalimu asijaze taarifa moja mara mbili.