Mawazo Yanayotoka Kichwani: Mkondo wa Fahamu kwa Andrei Bely

Mkondo wa fahamu ni mbinu ya usimulizi inayomfikishia msomaji mawazo ya mhusika jinsi yanavyomjia: kumbukumbu, hofu na maneno nusunusu, bila msimulizi kuyapanga. Wengi huihusisha na James Joyce, ambaye Ulysses yake ilitoka mwaka 1922. Nchini Urusi waandishi wa harakati ya usimboli walikuwa wamekwisha kuifikia kwa njia yao wenyewe.

Mmoja wao, Fyodor Sologub, katika riwaya yake Pepo Mdogo (1907), alimchora mwalimu Peredonov akiandamwa na kidude cha kijivu kisicho na umbo. Hata hivyo, msimulizi wake angali anajua lipi ni la kweli na lipi ni la wazimu. Andrei Bely, ambaye jina lake halisi ni Boris Bugaev, ndiye aliyeufuta mpaka huo.

Riwaya yake, Petersburg, ilianza kuchapishwa mwaka 1913, na visa vyake ni vya vurugu za mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1905. Nikolai, kijana msomaji wa mwanafalsafa Kant, anakabidhiwa bomu lililofichwa katika kopo la dagaa ili amuue baba yake, Seneta Ableukhov. Kisa hicho kingetosha kuwa hadithi ya kipelelezi. Bely anakigeuza kuwa uchunguzi wa akili. Seneta akiwa ndani ya gari lake la farasi anakutana macho kwa macho na mtu asiyemjua, moyo unamwenda mbio. Baadaye msimulizi anadai kwamba mtu huyo amezaliwa na mchezo wa ubongo wa seneta, na papo hapo anasisitiza kwamba yupo kweli. Kwa Joyce, mawazo hubaki ndani ya mwenye kuwaza. Kwa Bely hutoka nje, yakapata miguu na kubeba bomu.

Kopo hilo nalo linaingia nafsini mwa Nikolai. Akishalitia ufunguo na saa yake kuanza kugonga, linamrudia jinamizi la homa za utotoni: mpira unaovimba hadi kuwa jitu nene, Pepp Peppovich Pepp, ambalo mwisho hupasuka. Muda si muda anajihisi kuwa yeye mwenyewe ndiye bomu. Sentensi nazo zinakatika kwa vistari na nukta, sauti zilezile zinajirudia, na mahadhi ya kishairi yanabeba hofu kabla ya maana.

Katika Kotik Letaev, iliyoandikwa miaka ya 1915 na 1916, Bely alijaribu jambo gumu zaidi: kusimulia fahamu za mtoto mchanga ambaye hajapata maneno.

Mwaka 1922, jijini Berlin, alitoa toleo la Petersburg alilolipunguza sana. Anayetaka kuiona mbinu hii kwa ukamilifu wake na aanze na toleo refu la awali, la mwaka 1916.