Judo si makonde

Kuna matumizi ya neno 'judo' yanayonikera masikio. Wanasiasa wawili wakishikana mashati jukwaani, utamsikia mtangazaji akisema ati wamechezeana 'judo ya kisiasa'. Hebu tulichambue neno lenyewe.

Katika Kijapani, 'ju' ni ulaini, au tuseme unyumbufu: hali ya mwanzi unaoinama upepo ukivuma. 'Do' ni njia, kwa maana ya mwenendo wa maisha wala si barabara ya kupita magari. Mwasisi wake, Jigoro Kano, alikuwa mwalimu. Alipofungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, ufundi aliourithi uliitwa jujutsu, na 'jutsu' ni mbinu. Kano alilibakiza 'ju', akaiondoa 'jutsu' na kuweka 'do'. Kwa kubadilisha kipande kimoja tu cha neno, mbinu ya kupigana ikawa njia ya kumlea mtu.

Ulaini huo si unyonge. Kano aliueleza kwa hesabu: mpinzani ana nguvu kumi, mimi saba. Nikimkinza, ataniangusha tu. Lakini akinisukuma nami nikarudi nyuma, anapepesuka mbele. Akishayumba hivyo, nguvu zake zimebaki labda tatu, nami saba zangu ninazo zote!

Sitiari ilizaliwa hapo. Mmarekani Richard Gregg, aliyeishi India na kujifunza kwa Gandhi, aliitumia jujutsu katika kitabu chake cha mwaka 1934, The Power of Nonviolence, kufafanua jinsi anayepigwa bila kulipiza anavyomyumbisha mpigaji kimaadili. Mwaka 1973 msomi Gene Sharp akazungumzia jujutsu ya kisiasa. Mfano mzuri ni Birmingham, Alabama, Mei 1963. Polisi waliwaachilia mbwa waandamanaji weusi na kuwamwagia maji ya mabomba ya zimamoto, watoto wakiwamo. Picha zikasambaa, dunia ikachukizwa, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Mabavu yale yale ndiyo yaliyowaangusha wenye mabavu.

Sasa mashati yaliyoshikanwa yana judo gani? Katika mashindano ya judo, ngumi na mateke ni marufuku. Anayetaka makonde akachukue ndondi. Akitaka mateke pia, karate ipo, ambayo jina lake leo huandikwa kwa maana ya 'mkono mtupu'. Na kama ni kushindwa kura, Kiswahili hakina njaa ya maneno: mgombea hubwagwa, hugaragazwa, hupigwa mweleka. Zote hizo ni sitiari za kuangushana, nazo tumezizoea hata hatuoni tena kuwa ni sitiari.

Kwangu mimi, judo ya kisiasa ibaki kwa tukio mahususi. Kiongozi anapomsuta mpinzani wake kwa ukali, kisha mpinzani akanyamaza na kucheza tu rekodi ya maneno ya kiongozi huyo huyo ya mwaka jana, umati ukaangua kicheko, basi huyo kiongozi kachezewa judo.